Sadaka ya Tajiri na Mshauri Wake: Nani Anasihi, na kwa Faida ya Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Katika nchi za Magharibi imezuka fani iliyokwisha kuwa kazi ya watu na chumo lao: kumshauri tajiri namna ya kutoa. Mshauri wa fedha, ambaye zamani kazi yake ilikuwa kumwonesha mteja pa kuweka mali yake ipate kukua, sasa hufundishwa amuulize pia: je, unapenda kutoa nini, kwa nani, na lini? Fani hii imeanza kubisha hodi kwetu. Mabenki yenye huduma za Kiislamu yanazungumzia wakfu na zaka. Wafanyabiashara wetu nao huwauliza maimamu maswali ambayo zamani hayakuulizwa. Kwa hiyo tumeona ni wajibu tuitazame fani hii kwa mizani ya sheria yetu: lipi ni jema tulichukue, lipi ni baya tulikatae, na lipi ni kosa letu wenyewe tulikiri.

Walichokifanya wenzetu

Tuanze kwa insafu. Si kila kinachotoka kwa wasiokuwa Waislamu ni cha kutupwa. Washauri hawa wana mambo matatu mazuri. La kwanza, huanza mapema, mteja akiwa mzima na akili zake timamu. La pili, hutazama mali yote, si fedha taslimu tu: nyumba, hisa, shamba. La tatu, huandika. Kila kitu kina hati, na aliyekufa hatafutiwi nia yake kwa kubahatisha.

Lakini tukikitazama chombo wanachokitumia sana, tutaona dosari. Nchini Marekani kuna mifuko ya sadaka ambayo mtoaji huweka mali yake humo, kisha yeye mwenyewe, kwa ushauri, huelekeza wapi ipelekwe. Mfuko wa kwanza wa namna hii ulianzishwa mwaka 1931 na New York Community Trust. Jambo lilibaki dogo mpaka mwaka 1991, kampuni kubwa ya uwekezaji ya Fidelity ilipoanzisha mfuko wake, na kampuni nyingine zikafuata. Mwaka 2006 bunge la nchi hiyo likaiwekea mifuko hii maana rasmi katika sheria ya kodi.

Sasa tutazame inavyokwenda. Mtoaji hupata nafuu ya kodi siku ile ile anapoingiza mali mfukoni. Ama maskini, hana siku. Taasisi za sadaka za watu binafsi hulazimishwa na sheria ya huko kutoa kila mwaka kiasi cha asilimia 5 ya mali zao, lakini mfuko huu haulazimishwi kutoa chochote katika mwaka wowote. Mali yaweza kukaa miaka kumi, ishirini, ikizaa na kuitwa sadaka, na hakuna mwenye njaa aliyeonja hata tonge moja.

Na hapa ndipo penye shina la maneno yetu. Mshauri wa fedha hulipwa mara nyingi kwa asilimia ya mali anayoisimamia. Mteja akitoa mali yake moja kwa moja kwa mayatima, ujira wa mshauri unapungua. Akiiweka katika mfuko unaomruhusu mshauri yule yule aendelee kuisimamia, ujira wake unabaki. Hatusemi kwamba kila mshauri ni mwizi. Wapo waaminifu, nao ni wengi. Tunasema kwamba amewekwa mahali ambapo nafsi yake inamvuta upande mmoja na maslahi ya maskini upande mwingine. Sheria yetu haingoji mtu aanguke ndipo iweke ukuta.

Zaka iliyokaa mfukoni

Waislamu wa Marekani nao wameanza kuwa na mifuko ya namna hii, na swali linaulizwa: mtu akiweka zaka yake humo, je, ametoa?

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii (r.a.), zaka ikishawajibika na mtu akawa na uwezo wa kuitoa, ni wajibu itolewe papo hapo. Ucheleweshaji unaoruhusiwa ni ule wenye sababu, kama kumngojea jamaa au aliye mhitaji zaidi, tena kwa sharti kwamba waliopo wasipate madhara makubwa. Akichelewesha bila udhuru, naye alikuwa na uwezo, kisha mali ikaangamia, zaka ile inabaki shingoni mwake. Vile vile zaka ina wenyewe, waliotajwa katika Suratut Tawba aya ya 60, na haitimii mpaka iwafikie wao au mtu anayeipokea kwa niaba yao kisheria. Msimamizi wa mfuko aliyeteuliwa na matajiri ni wakili wa mtoaji. Ikiwa mkononi mwa wakili wa mtoaji, ni kama ingali mkononi mwa mtoaji mwenyewe.

Basi anayeweka zaka mfukoni na kuiacha ikae mwaka baada ya mwaka, hana hoja. Ama sadaka ya hiari, mlango wake ni mpana zaidi, na mtu aweza kuipangia utaratibu. Kosa kubwa la washauri ni kuviweka vitu hivi viwili katika chungu kimoja na kuviita vyote kwa jina moja la “kutoa.” Kwetu sisi zaka ni haki ya watu, sadaka ni hisani, nadhiri ni deni, wasia una mpaka wake, na wakfu una masharti yake. Mshauri asiyejua kuvitenganisha hivi hafai kumshauri Mwislamu, hata kama amehitimu wapi.

Na nafuu ya kodi je? Hiyo peke yake haibatilishi. Mwenyezi Mungu ameruhusu, katika Suratul Baqara aya ya 198, kutafuta fadhila Zake za biashara ndani ya safari ya Hija. Mwenye kutoa kwa ajili ya Allah, kisha akapata nafuu ya dunia bila ya kuwa ndiyo iliyomsukuma, tunamtarajia kheri. Lakini ikiwa hesabu ya kodi ndiyo inayoamua atoe au asitoe, basi na ajiulize anamtolea nani.

Mtume (s.a.w.) akiwanasihi wenye mali

Ndugu msomaji, usidhani kwamba fani hii ni mpya kwetu. Matajiri wa sahaba walikuwa wakimwendea Mtume (s.a.w.) na mali zao, wakimtaka ushauri. Tutaje visa vinne tu vilivyothibiti.

Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua sana Makka katika Hija ya Kuaga. Alikuwa na mali, na mrithi aliyemtaja ni binti mmoja. Akataka kutoa thuluthi mbili, akakatazwa. Akataka nusu, akakatazwa. Ikabaki thuluthi, naye akaambiwa kwamba hiyo nayo ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu.

Abu Talha (r.a.) aliposikia aya ya 92 ya Suratu Aali Imran, alikuja na kitu alichokipenda kuliko mali zake zote, bustani ya Bayruha iliyoelekea msikiti. Akaiweka mikononi mwa Mtume (s.a.w.) aifanye atakavyo. Mtume akaisifu mali ile, kisha akamwelekeza aigawe kwa jamaa zake. Akaigawa, na miongoni mwa waliopata ni Hassan bin Thabit na Ubayy bin Kaab.

Umar bin Khattab (r.a.) alipata ardhi Khaybar, hajapata kuwa na mali nzuri kuliko hiyo. Alipotaka shauri, alielekezwa alizuie shina na atoe sadaka mazao yake. Ikawa haiuzwi, haitolewi hiba, wala hairithiwi. Mazao yake yakawa ya mafakiri, jamaa, kukomboa watumwa, njia ya Allah, msafiri na mgeni. Msimamizi akaruhusiwa kula kwa wema, bila ya kujilimbikizia.

Wa nne ni Kaab bin Malik (r.a.). Toba yake ilipokubaliwa baada ya Tabuk, alitaka kutoka katika mali yake yote kwa furaha. Akaambiwa ajizuilie sehemu yake, kwani hiyo ni kheri kwake.

Lakini mbona Abubakar (r.a.) alileta mali yake yote na ikapokewa? Wanavyuoni wameoanisha kwamba hukumu hutazama hali ya mtu: yakini yake, subira yake, na wanaomtegemea. Mwenye uwezo wa kusubiri, na watu wake wako radhi, si sawa na atakayetoa leo kwa jazba na kesho akajuta au akawa mzigo kwa wengine. Mtume (s.a.w.) hakuwa na jibu moja kwa matajiri wote. Aliwajua watu wake.

Mshauri asiyeonja

Tukivikusanya visa hivi tunaona jambo ambalo mara nyingi tunalipita tunapovisoma. Mwenye kushauri hapa hakuwa na fungu. Sadaka ilikuwa haramu kwa Mtume (s.a.w.) na kwa jamaa zake. Mjukuu wake Hassan (r.a.), naye ni mtoto mdogo, alitia kinywani tende moja ya sadaka, akaamrishwa aiteme. Tende moja, na mtoto asiyeandikiwa dhambi!

Abu Talha alipoitoa Bayruha, ilikuwa bustani iliyo mbele ya msikiti, na msikiti ule ulikuwa na mahitaji. Wangapi leo, wakiwekewa kiwanja mkabala na msikiti wao, watamwambia mwenyewe: nenda ukawape binamu zako? Mtume (s.a.w.) alisema, kwa sababu ushauri wake haukuwa na tumbo ndani yake.

Basi tusiwanyooshee kidole washauri wa New York peke yao. Nasi tuna dosari hiyo hiyo kwa sura nyingine. Kwetu mshauri wa tajiri ni imamu, au sheikh wa madrasa, na huyo huyo ndiye mwenye msikiti unaohitaji paa na madrasa inayodaiwa mishahara. Tajiri anauliza, “Sheikh, nitoe wapi?” Jibu liko tayari kabla ya swali kwisha. Tumejenga misikiti miwili katika mtaa mmoja, na nyuma ya misikiti hiyo mjane hana karo ya mwanawe. Tajiri anasifiwa juu ya mimbari, na dada yake wa tumbo moja anakopa unga. Hatumlaumu tajiri. Hakuna aliyemuuliza kama ana dada.

Na tuna kosa la pili, la wakati. Tunakwenda kwa mwenye mali akiwa kitandani. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba sadaka bora ni ile ya mtu mzima, mwenye tamaa ya mali na hofu ya ufakiri, si ya yule anayengoja mpaka roho ifike kooni. Juu ya hayo, wengi wa mafaqihi wamesema kwamba hiba na sadaka anazozitoa mtu akiwa katika maradhi ya mauti huhesabiwa ndani ya thuluthi kama wasia. Kwa hiyo hati inayotiwa saini hospitalini, ikimpa mtu nyumba nzima, huenda isifae kitu, na ikazaa ugomvi wa ndugu kwa miaka.

Hesabu moja ya mfano

Tuchukue mfano tuone. Mfanyabiashara amefariki, na baada ya kumzika na kulipa madeni imebaki shilingi milioni 72. Ameacha mke, mabinti wawili na kaka yake wa baba na mama.

Kama hakuusia, mke anapata thumuni, milioni 9. Mabinti wanapata thuluthi mbili, milioni 48. Kaka anachukua kilichobaki, milioni 15. Kama ameusia thuluthi kamili kwa ajili ya msikiti, milioni 24 zinatoka kwanza na kubaki 48. Mke anapata 6, mabinti 32, kaka 10. Mabinti wamepungukiwa na milioni 16.

Hatusemi wasia ule ni kosa. Ni haki yake. Tunasema kwamba aliyemshauri alipaswa kumwekea hesabu hii mbele yake akiwa hai. Ikiwa mabinti wameolewa na wana uwezo, thuluthi yaweza kuwa jambo jema. Ikiwa wako darasa la tatu, Ibn Abbas (r.a.) alikuwa akipendelea watu washuke mpaka robo, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) aliiita thuluthi kuwa ni nyingi. Na lau angeusia nusu, zile milioni 12 zinazozidi thuluthi zisingepita ila kwa ridhaa ya warithi baada ya kufa kwake.

Tena tazama neno “madeni.” Miongoni mwake ni mahari ya mke ambayo hayajalipwa, na katika madhehebu yetu ni pamoja na zaka alizoacha kuzitoa. Ni watu wangapi wa mwambao wetu waliojenga visima vya sadaka, na mahari ya wake zao yangali katika karatasi? Deni hutangulia wasia. Mshauri anayemsaidia mtu kutoa sadaka kabla ya kumuuliza madeni yake, anamsaidia kutoa mali ya watu.

Wakfu usiojua sheria ya nchi

Historia yetu inatufundisha kwamba nia njema na fiqhi sahihi pekee havitoshi. Mwaka 1894, Privy Council, mahakama ya juu kabisa ya makoloni ya Kiingereza, iliamua kesi iliyotoka Bengal kwamba wakfu uliowekwa kwa ajili ya kizazi cha mtoaji, na mwisho wake kwa maskini, ni batili, kwa kuwa fungu la maskini ni la mbali mno. Waislamu wa India walipiga kelele mpaka ikapitishwa sheria ya mwaka 1913 ya kuusahihisha wakfu wa aina hiyo. Lakini sheria ile ilikuwa ya India. Mwaka 1951 kesi ya ukoo wa Bakhshuwen ya Kenya ilifika mbele ya mahakama ile ile, na hukumu ikafuata njia ya 1894. Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya Kenya ya mwaka 1951 ndiyo iliyokuja kuukubali wakfu wa jamaa.

Majaji wale walipima sadaka kwa mizani ya Kiingereza, ambayo kwayo kumpa jamaa si sadaka. Kwetu, kisa cha Abu Talha kinatosha kuwajibu. Hata hivyo wakfu ulivunjwa. Leo Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana iliyowekewa sheria mwaka 2007, na Kenya imetunga sheria mpya ya wakfu mwaka 2022. Anayemshauri mtu kuweka wakfu bila ya kujua usajili na masharti ya sheria hizi, anamjengea nyumba juu ya mchanga.

Wala wakfu wa jamaa usiwe hila. Wapo wanaoweka wakfu kwa wana wa kiume ili mabinti wasirithi. Imam Malik (r.a.) amepokewa kuwa alichukia kuwatoa mabinti katika wakfu na kuufananisha mwendo huo na wa kijahilia. Mshauri mcha Mungu akiombwa kuandika hati kama hiyo, aiweke kalamu chini.

Jambo la mwisho katika mlango huu ni wakfu wa fedha taslimu, ambao sasa unanadiwa sana. Watu wajue kwamba una historia ya khilafu. Katika dola ya Uthmaniya, Sheikhul Islam Ebussuud aliyefariki 1574 aliutetea, na Birgivi aliyefariki 1573 akaandika kuupinga. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii ni kutosihi, kwa kuwa fedha hainufaishi ila kwa kutumika na kuondoka. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Muscat mwaka 2004, liliujuzisha. Mwenye kuifuata kauli hiyo ana pa kusimama. Tunachokipinga ni mshauri anayemwambia Mshafii wa Lamu au Pemba kwamba jambo halina khilafu, ili tu amalize kazi yake na kuchukua ujira.

Tunachokipendekeza

Hatuna budi kumalizia kwa la kufanywa. Kila anayeshauri, awe imamu au mtaalamu wa fedha, amuulize mwenye mali maswali haya kwa utaratibu huu: Una madeni gani, na mahari ya mkeo je? Zaka yako ya miaka iliyopita imetoka? Nani warithi wako, na hali zao? Nani katika jamaa zako ni mhitaji? Unachotaka kutoa ni zaka, sadaka, wasia au wakfu? Unataka kutoa lini, na kwa nini si leo? Hati itasajiliwa wapi?

Kisha mshauri ajiulize mwenyewe swali moja: mimi nitapata nini katika hili? Akiwa na fungu, alitaje waziwazi, na amwelekeze mwenye mali kwa mwingine asiye na fungu apate kauli ya pili. Ujira si haramu. Msimamizi wa ardhi ya Umar alikula kwa wema. Lakini uwe ujira unaojulikana kwa kazi inayojulikana, si asilimia inayonenepa kadiri maskini anavyongoja.

Na maimamu wenzetu tunawaomba jambo moja. Tajiri atakapokuja kwako Ijumaa hii na swali lake, nawe paa la msikiti linavuja, mwulize kwanza habari za dada yake. Paa litaezekwa, inshallah, na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuruzuku. Lakini uaminifu wako ukivuja, hakuna fundi wa kuuziba.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kunasihi kwa ajili Yake, na azipokee sadaka za wenye kutoa. Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.